Karibu tukule, na mu sufuria iko chuma

Wandugu mashofere, leo nimemukaribisha mama mutu muzima akule chuma.

Musicheke kwanza.

Kamio yangu, lori ya kubeba pamba, ilichemka katikati ya Kasongo na Kabambare. Moteri ilikuwa moto wa kuunguza, lakini radiatere ilikuwa baridi. Nikajua ni termosta, ule mulango mudogo wa maji. Moteri ikipata moto, unafunguka, maji inapita kwenda kupoa. Wangu ulikataa kufunguka.

Muzungu wa garaji alinipatia termosta ya mupya ya akiba. Lakini mimi siamini kitu mbele ya kuiona. Nikawasha moto kando ya barabara, nikafungua ya zamani, nikatia zote mbili mu maji, mu sufuria yangu ya bugali. Ya mupya ikafunguka polepole. Ya zamani, hata kidogo.

Ndipo mama moja akapita na kitunga kichwani. Munajua vile tulilelewa: sufuria ikiwa ku moto, mupita-njia haachwi.

"Karibu tukule, mama!"

Mudomo ulisema wenyewe!

Akatua kitunga. Akaomba maji, akanawa mikono. Akachungulia.

Akaona chuma mbili tu mu maji.

"Baba, hauna mutu wa kukupikia?"

Tangu muke wangu arudi kwao Lusangi, hakuna aliyeniuliza. Nikasema hakuna.

Akaniachia muhogo ya kuchemsha, akaenda.

Nikafunga termosta ya mupya. Moteri imetulia kabisa.

Halafu nikakaa kukula. Nikasema "karibu" kwa sauti, mara mbili. Barabara ilikuwa tupu.

Na ninyi, mukikula peke yenu, munasemaga "karibu"?