Nilivyokagua Chumba cha Marehemu

Jamani, hii hata mume wangu sijamsimulia yote, maana kuna aibu ukiigusa tu uso unawaka upya.

Tulikuwa tumechoka na Scarborough, kule pembezoni mwa mji, kwenye basi saa moja na nusu kwenda kazini, watoto nawakuta wamelala, kwa hiyo niliposikia kuna nyumba tunayoiweza Regent Park, katikati ya mji, mahali ambapo korido moja ina Mbengali, Mhabeshi, Msomali na Mkongo, nikasema hapo hapo. Msimamizi wa jengo akaniambia kwa simu, "Panda ghorofa ya tisa, mlango uko wazi, nakuja." Lifti ikachelewa. Mimi na kiherehere changu (nisije nikatanguliwa!) nikapanda ngazi, nikahema, hesabu ikanipotea, nikatokea ya nane bila kujua.

Mlango kweli ulikuwa wazi. Viatu vimejaa kizingitini, ndani watu kama kumi wameketi kimya, hakuna anayeshika simu, hakuna hata anayekohoa. Nikadhani hao ni watafuta nyumba wenzangu wanangoja zamu, nikawapita. Nikafungua makabati ya jikoni, nikajaribu bomba, wao wananifuata kwa macho tu.

Chumbani dirisha lilikuwa wazi, na nje ni theluji. Kitandani amelala bibi mmoja, shuka hadi kidevuni, macho yamefumba nusu.

"Shikamoo, bibi."

Nikadhani hasikii vizuri, nikainama, nikapaza sauti: "Nauliza, mnahama lini?" Pazia likapepea, na wallahi niliona midomo yake kama inataka kunijibu. Nikamshika mkono kwa heshima. Ulikuwa mzito, na ubaridi wake haukuwa wa dirishani.

"Mama, weye ni nani?" Nyuma yangu amesimama mwanamke wa makamo, Mkongo kwa lafudhi, macho mekundu. "Ulimujua mama yangu?"

Ningesema ndiyo, yangeisha. Ulimi ukaniponza: "Nimekuja kuangalia nyumba."

Akasogea kati yangu na kitanda. "Mama amekufa asubuhi hii. Tunangoja daktari. Hata hajatoka, na weye unakuja kupima chumba chake?"

Nikaketi sakafuni nikilia kama mfiwa, nikiomba radhi kwa lugha zote ninazozijua. Mama mmoja wa Kibengali, jirani yao, ndiye aliyeninyanyua, akaniketisha sebuleni katikati yao, akanipa chai. Nikabaki hadi daktari alipokuja (kuondoka ilikuwa aibu zaidi).

Ya tisa tuliipata, na tunaipenda. Yule binti wa marehemu alinisamehe, leo tunaitana dada. Lakini tangu siku ile, mlango hata uwe wazi mpaka uvungu wa kitanda unaonekana, mimi nasimama nje, napiga hodi, na sivuki mpaka nisikie mtu aliye hai akinijibu, "Karibu."