Fimbo ya Mzee Hijazi na Mikate ya Jua

Hapa kijijini kwetu, kusini mwa mji wa Qena, hakuna aliyemshinda Sittuhum kwa mkate wa jua, na hilo hata mahasidi wake hawalikatai. Lakini kulikuwa na ujuzi mwingine alioufanya siri miaka thelathini na zaidi. Sittuhum alijua fimbo.

Baba yake, Mzee Hijazi, ndiye aliyekuwa bingwa wa mchezo wa fimbo. Maulidini, ngoma ikilia, wanaume walipigana vikumbo wapate pa kusimama wamtazame. Aliwafundisha wanawe watatu, na wote wakaenda zao Kuwait kuendesha malori. Macho yalipopofuka akawa mtu wa barazani kwa bintiye, kutwa ananung'unika kwamba atazikwa na hatua zake. Binti hakuhesabiwa. Kumbe binti alikuwa akichungulia toka darini tangu ana miaka saba, na adhuhuri watu wakilala, anazirudia hatua zote kwa mpini wa ufagio.

Basi asubuhi moja, ua umejaa mikate mibichi iliyoanikwa juani iumuke, akaingia Raslan na kisu mkononi. Wiki iliyopita alikuwa amemposa Nawara, binti wa Sittuhum, akakataliwa. Nawara alikuwa chumbani anakanda unga.

"Mtoeni!" akafoka. "Akinikataa mimi, wallahi haolewi na mtu!"

Jirani, Bi Fikriyya, akapiga kelele toka darini kwake: "Sittuhum, ingia ndani! Jifungie!"

Ushauri gani huo! Mlango wenyewe ule, teke moja tu. Na mle chumbani fimbo ndefu utaizungusha wapi? Ndani, mwenye kisu ndiye mfalme. Sittuhum akaingia mara moja tu, akaichukua fimbo ya baba yake ukutani, akatoka tena nje.

"Komea, mwanangu," akamwambia Nawara, akangoja mpaka akasikia komeo.

Hakumwendea Raslan. Alizunguka taratibu, mlango ukiwa karibu naye kuliko na yule kijana, mpaka jua likawa mgongoni mwake na safu za mikate zikawa kati yao.

Raslan akakunja uso kwa mwanga, akacheka. "Mama mzima unacheza fimbo? Nenda kakande unga!"

"Unga umeshakandwa, baba. Wewe njoo tu."

Akaja mbio. Akainua mguu, halafu akatazama chini. Mjinga, mwenye hasira, yote sawa, lakini na yeye kalelewa na mama wa hapahapa. Sisi mkate ukianguka njiani tunauokota na kuubusu, nani ataukanyaga? Mguu ukabaki hewani unatafuta pa kutua.

Sittuhum alikuwa anaungoja mguu huo. Fimbo ya kwanza ikatua kwenye kifundo cha mkono, kisu kikaruka. Ya pili ikashuka utosini, na hapo angeweza kumpasua kama tikiti. Akaigusisha tu, polepole, kama wachezaji wanavyofanya kuonyesha pigo limefika.

"Kichwa chako kilikuwa wazi," akamwambia.

Wanaume waliokuwa wamekimbilia langoni kwa kelele za Bi Fikriyya wakaingia, wakamkamata Raslan analia. Nawara akafungua, akamrukia mama yake shingoni. Ua mzima ukawa kelele na vigelegele, na nakwambia, hakuna mkate hata mmoja uliobonyea!

"Nyamazeni!" Ilikuwa sauti ya Mzee Hijazi barazani. "Nani aliyekuwa anacheza hapa? Nimesikia miguu. Ule mzunguko ni wangu, na wanangu wako Kuwait."

Sittuhum, ambaye hakukikimbia kisu, akaificha fimbo nyuma ya mgongo.

"Ni mimi, baba."

Mzee akanyoosha mkono. Akakipapasa kiganja cha binti yake, akazikuta sugu za zamani, si za mkate hizo.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, baba. Nilikuwa darini."

Mzee akakishika kile kiganja, hakiachii, machozi yanamtiririka mbele ya kadamnasi na wala hayafuti. Kisha akawageuzia uso wale wanaume, kidevu juu, kama enzi zake za maulidi. "Mmemwona?" akawauliza. "Mimi sikumwona. Nisimulieni, hatua kwa hatua."

Wakamsimulia mara tatu. Alipotosheka, akamrudia binti yake.

"Mguu wa kushoto unachelewa," akasema. "Kesho asubuhi tuurekebishe. Na Nawara aje na fimbo yake."