Mlango Usioungua

Juzi nilikaa mapokezi ya hoteli moja pale Al Rigga, Dubai, nikimsubiri mgeni wangu kutoka Unguja. Ukutani pana picha kubwa ya jumba la zamani la michezo ya kuigiza, la huko Ulaya: nguzo nene, sanamu juu ya paa, ngazi pana za marumaru. Mzungu mmoja, mtu mzima, alikuwa akimsimulia mlinzi wa mlangoni, Mkenya.

"Hili ni la mji wetu. Babu yangu alishona mapazia yake. Liliungua karibu lote. Nguzo, paa, sanamu, vyote vilijengwa upya."

Mlinzi akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha picha. Mimi ningeuliza moto ulianzia wapi. Yeye akauliza, "Sir, na wafanyakazi walikuwa wanaingilia wapi?"

Mzungu akavaa miwani, akatembeza kidole hadi pembeni kabisa, kwenye mlango mdogo usio na pambo lolote.

"Hapa. Babu alipita hapa kila siku." Kidole kikabaki palepale. "Na upande huu ndio pekee ambao moto haukuufikia."

Mlinzi akanigeukia, meno yote nje. "Umeskia hiyo, mzee? Orijino ni mlango wa wafanyakazi peke yake!"

Zamu yake ilipoisha mlinzi akatoka kwa mlango wa nyuma, kupitia jikoni, kama hoteli inavyowataka wafanyakazi wake. Mgeni wangu aliposhuka kutoka chumbani tulitoka mbele. Milango ya vioo ikatufungukia yenyewe, nami, mkaazi wa Dubai tangu utoto, nikajiona kama niliyefika jana: sikuwahi kuuliza wafanyakazi wanaingilia wapi.