Lenzi Zilizoandikwa Uongo

Jumanne ya pili ya Februari mwaka huu alifariki Mwalimu Masele, nyumbani kwake Kambarage, Shinyanga mjini. Msibani alisifiwa sana kwa upole wake. Hakuna aliyetaja kwamba alikataa maisha yake yote kupika majibu ya maabara, na mimi nilikaa kwenye mkeka nikanyamaza. Nimenyamaza mara nyingi. Sasa naandika.

Nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule za sekondari, kwa elimu ya darasa la saba. Siku yangu ya kwanza, huko Kharumwa, Mkuu wa shule alinikabidhi ufunguo akaniambia niwe mwangalifu, kwani kioo kikivunjika hakiletwi kingine, ila mhudumu huletwa hata kesho. Masele ndiye aliyekuwa mwalimu wa Fizikia. Yeye alitaka nielewe kila ninachokipanga mezani, akanifundisha baada ya vipindi.

Lenzi mbinuko ni kioo kilichonenepa katikati. Ukiweka mshumaa upande mmoja na karatasi nyeupe, yaani skrini, upande wa pili, taswira ya mwali huonekana kwenye skrini ikiwa kichwa chini. Kuna vipimo vitatu: umbali wa kitu, kutoka mshumaa hadi lenzi, umbali wa taswira, kutoka lenzi hadi skrini, na urefu wa fokasi, ambao ni wa lenzi yenyewe. Ukitaka umbali wa kitu, chukua moja gawanya kwa urefu wa fokasi, utoe moja gawanya kwa umbali wa taswira, kisha ugeuze jibu. Kama fokasi ni 15 na taswira iko 60, unapata 4/60 kutoa 1/60, yaani 3/60, ambayo ni 1/20. Geuza: mshumaa uko sentimita 20. Wanafunzi wengi walisahau kugeuza, na Masele aliwauliza, "Sehemu moja ya ishirini ya sentimita? Huo mshumaa unaibusu lenzi?"

Alinifundisha pia nisiamini pakiti. Lenzi mpya uishike mbele ya dirisha, unase kwenye karatasi taswira ya kitu kilicho mbali sana, kisha upime kutoka lenzi hadi karatasi. Huo ndio urefu wa fokasi, pakiti iseme isemavyo.

Nilipohamishiwa shule moja karibu na Bugarama, zikaletwa lenzi kumi na mbili, pakiti zimeandikwa sentimita 15. Nilizipima dirishani kwa mnara wa simu uliokuwa ng'ambo ya mashamba. Zote zilikuwa 20. Nilipeleka karatasi yangu ya vipimo kwa Mkuu wa idara ya sayansi. Hakuisoma.

"Baba Doto," alisema, "hii imeandikwa kiwandani. Wewe umesomea wapi?"

Nikaondoka.

Mtihani wa kufunga kidato cha tatu ulitumia lenzi zile. Aliyeanguka sehemu ya vitendo hakuandikishwa Fizikia kidato cha nne, ndiyo ilikuwa sheria ya shule. Wanafunzi waliambiwa fokasi ni 15, waweke skrini sentimita 60 kutoka lenzi, wasogeze mshumaa hadi taswira iwe kali, wapime umbali wa mshumaa, kisha wahakiki kwa kanuni. Kanuni ikawapa 20. Rula zikawapa 30. Nilipita kati ya meza nikiwasha mishumaa iliyozimika, nikaona kwa macho yangu: mmoja baada ya mwingine alifuta 30 akaandika 20. Huko ndiko kupika. Kwenye mwalo, wanakosafishia dhahabu, mtu akikamatwa anadanganya kipimo hufukuzwa. Kwetu alipewa alama zote.

Binti mmoja tu hakufuta. Kabula, ambaye mama yake aliponda mawe kwenye mwalo huohuo, aliandika 30, na chini yake akaongeza kwamba huenda fokasi ya lenzi si 15. Alipewa sifuri, na mbele ya darasa akaambiwa kwamba anabishana na kiwanda.

Jumamosi nilikwenda Kambarage na lenzi moja ndani ya leso. Masele alikuwa ameshastaafu. Aliisogeza dirishani, akapima.

"Ishirini. Ulimwambia nani?"

"Mkuu wa idara."

"Kabla ya mtihani?"

"Kabla."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja ni kujitoa lawama, Baba Doto. Hukusema."

Jumatatu niliingia kwa Mkuu wa shule bila miadi, nikapanga mshumaa, lenzi na skrini juu ya meza yake. Alipima mwenyewe. Thelathini. Akamwita Mkuu wa idara, naye akapima, akasema matokeo yameshabandikwa ubaoni, na kwamba tukianza kusikiliza wahudumu hatutamaliza. Lenzi zilibadilishwa kimyakimya. Alama hazikubadilishwa. Kabula alimaliza kidato cha nne bila Fizikia, na waliopika wakaendelea nayo. Mkuu wa idara alipandishwa cheo.

Nimestaafu. Vijana huniuliza kama najivunia kazi yangu. Najivunia mikono yangu, sikuvunja kioo. Lakini shule inayomfundisha mtoto kufuta alichokiona hainipi cha kujivunia, na mimi nilikuwa ndani yake nikiwasha mishumaa.

Baada ya msiba nilimtafuta Kabula. Anasuka nywele Bugarama, ana saluni ndogo. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia, nikamwambia nilichopaswa kumwambia akiwa kidato cha tatu: lenzi ilikuwa 20, niliipima kabla ya mtihani, nikasema mara moja tu.

Mteja aliyekuwa kwenye kiti alicheka. "Mzee, mtihani wa enzi hizo bado mnaulilia?"

Kabula hakucheka. Mikono yake ilisimama kwenye nywele.

"Kwa hiyo ilikuwa thelathini," alisema.

"Ilikuwa thelathini."

"Nilikuja kuamini sikujua kusoma rula."

Alivuta kiti cha pembeni akaniambia nikae, kisha akaendelea kusuka.