Majaketi Kando ya Safu

Asubuhi moja rafiki yangu Athumani alikuwa akikunja kanga dukani kwa mjomba wake, Biashara Street, nami nikimsubiri tukale mahamri. Miezi michache baadaye tulikuwa askari, tumesimama foleni Kilindini kupanda meli ya kwenda vitani Asia.

Vijana wa miaka hii ya tisini huniuliza habari za meli ile, nami hufurahi kuwaeleza. Ilikuwa meli ya mvuke, kuukuu, iliyozoea kubeba mahujaji. Vita vilipoanza ikapakwa rangi ya kijivu, ikafungwa mizinga, na palipokuwa pakipangwa magunia ya tende tukalazwa sisi, mamia. Amri ilikuwa moja: jaketi la maboya lisivuliwe, hata usingizini.

Kwa kuwa nilikuwa nimesomesha Kurani chuoni, wenzangu waliniita Maalim. Siku ya nne, laasiri, watu kumi na mmoja walijipanga nyuma yangu sitahani. Athumani akalitazama jaketi lililomtuna tumboni.

"Maalim, na mimba hii paji litafika chini?"

Wakacheka. Nikawaambia wavue, waweke kando, ni dakika chache tu. Nilijua kuwa mwenye kuhofia adui huruhusiwa kuswali alivyo. Kila jambo niliwaeleza kwa kituo. Hilo sikulieleza. Nilitaka safu ipendeze kama ya nyumbani.

Tulikuwa tumesujudu nyambizi ilipotupiga ubavuni.

Sitaha ikainama.

Majaketi yakateleza yote baharini.

Nilipoibuka majini nilishika moja lililokuwa likielea. Sikutazama ni la nani. Katika safu ile nilirudi mimi tu.

Dadake Athumani, Bi Rukia, nilimwambia kuwa nduguye alikufa akiswali. Ni kweli, na kwa karibu miaka hamsini ilimtosha. Aliwasimulia hivyo wanawe na wajukuu. Mwaka jana akaugua, nikaenda kumtazama nyumbani kwake Kuze, nikamweleza yaliyobaki.

"Kwa hivyo angerudi," akasema.

"Huenda, Bi Rukia."

"Ungeniachia ile habari ya kwanza, Maalim."

Alifariki kabla ya Ramadhani. Nilipokwenda kwake nilijiambia kuwa ukweli ni haki yake. Sasa naona nilikuwa nimechoka kuubeba peke yangu, nikamtwisha mgonjwa.