Kipkirui Atafuta cha Kusugulia Wavu

Kipkirui ndiye anayenichomea nyama hapa Rongai, kando ya barabara ya Eldoret, na kama humjui utamtambua kwa sauti. Huongea na nyama. "Wewe mbavu, tulia. Usijifanye umeiva." Ni mtu mfupi, ana aproni ambayo hakuna mwanamke anayekubali kuifua, na akishika koleo anajiona askofu.

Nilipoachwa, nilibaki naye. Peterson, mume wangu, alihama nikiwa kanisani. Alichukua friji, mizani na bango lenye jina nililolibuni mimi, akafungua bucha ng'ambo ya barabara na mwanamke wa kucha ndefu. Aliniachia jiko, wavu wake wa kuchomea na moshi. Akamwita Kipkirui pia, akamwahidi aproni mpya. Kipkirui akamjibu, "Boss, wavu uko huku." Basi. Hakusema anabaki kwa ajili yangu, na sikumuuliza. Wanaume wanaosema wanabaki kwa ajili yako nawajua.

Mwaka huu, siku chache kabla ya sherehe nyumbani kwake, Kipkirui alipatwa na aibu. Dereva wa lori anayeitwa Odongo, mteja wetu wa zamani, alikuwa anatafuna mbuzi, akaacha. Akaingiza vidole mdomoni, akavuta kijiwaya chembamba kutoka kwenye ufizi.

"Mathe," akaniita, "hii mbuzi yako ilikuwa na ndevu za chuma?"

Kilitoka kwenye brashi ya waya ambayo Kipkirui alisugulia wavu. Ilikuwa imezeeka na kuanza kunyonyoka. Odongo alicheka, akaendelea kula. Lakini Peterson alikuwa na masikio, na kufikia jioni kila aliyepita kwake aliambiwa kwamba kwangu watu wanatafuna misumari.

Mimi nilikasirika. Kipkirui aliogopa. Jumamosi ile, ukoo wa mzee Kamande kutoka Kuresoi, wakulima wa viazi, ulikuwa unakuja kwa Kipkirui kuongea mahari ya binti yake, Cheptoo. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshajigamba kwamba watakula nyama iliyochomwa kwenye wavu wake, si wa mtu mwingine.

"Mama Abby," akaniambia, "mzee Kamande akitoa waya mdomoni, mazungumzo yataendelea kweli? Watasema msichana ametoka nyumba ya wachafu."

Akaitupa brashi motoni, tukaanza kutafuta kitu kingine.

Kwanza alinunua brashi ya plastiki, ya rangi ya waridi. Aliiweka kwenye wavu wenye moto, ikalia kama mtoto, akabaki na mpini. Kisha akaleta lile jiwe jepesi ambalo wanawake husugulia visigino. Lilitoa masizi vizuri sana. Tukachoma kipande cha kujaribu, nikauma, nikasikia mchanga.

"Vipi?" akauliza.

"Kama kula barabara kabla ya lami."

Akajaribu kitunguu kilichokatwa, akakichomeka kwenye uma na kusugua nacho. Harufu ilikuwa tamu hadi watu wakasimama kuuliza bei. Lakini masizi ya zamani hayakutoka, yalikuwa yamefurahi tu kupata kachumbari.

Siku iliyofuata nilimkuta ameinama nyuma ya kinu cha mahindi, anachagua magunzi kama mtu anayechagua mihogo. Aliyaloweka kidogo yasishike moto, akaacha wavu upate joto hadi mafuta yaishe kuungua, akasugua kwa nguvu. Gunzi lina meno madogo, linafika kati ya vyuma. Likiisha makali unalitupa motoni, linakuwa kuni. Akamalizia kwa kupaka wavu kipande cha mafuta ya kondoo. Ukang'aa.

"Hii ndiyo," akasema, akabusu gunzi mbele ya wateja.

Furaha yake ilikatwa na kaka yake mkubwa, aliyekuja kumkumbusha kwamba baba wa msichana hachomi nyama siku hiyo. Anakaa na wazee, anasalimiwa, anaheshimiwa.

"Na nani atachoma?"

Wote wawili wakanitazama. Basi jioni hiyo nikawa mwanafunzi.

"Sugua zaidi," Kipkirui akanifokea. "Sugua kama unamsugua Peterson."

Sijawahi kuona chuma kikitakata namna ile.

Jumamosi tulipeleka jiko kwake kwa mkokoteni. Wageni walikaa chini ya hema, na Kipkirui katikati yao, ndani ya koti lililombana kwapani. Shingo ilimrefuka kila moshi ulipobadilika. Nyama ikaiva, nikaipeleka. Mzee Kamande, mtu mkubwa wa kofia ya sufu, akachukua kipande cha kwanza, akatafuna. Akaacha kutafuna.

Akaingiza vidole mdomoni.

Kipkirui akasimama nusu, akabaki hivyo, hajui akae au akimbie. Cheptoo alikuwa mlangoni na sinia la chai, naye akaganda.

Mzee akatoa kitu chembamba cha kahawia, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii ni gunzi," akasema. "Nani amesugua wavu kwa gunzi?"

Nikainua koleo. "Ni mimi, mzee. Hatutumii waya."

Akalitazama lile gunzi, akamtazama Kipkirui aliyeinama kama anapimwa suti.

"Mkwe," akasema, "umenipa nyama na mahindi. Ongeza maharagwe tumalize githeri hapa hapa."

Hema lote lililipuka kwa kicheko. Kipkirui alicheka hadi mshono wa koti ukaachia, na kwa sababu koti lilikuwa limeshaharibika, akalivua, akatoka moja kwa moja hadi kwenye jiko langu.

"Rudi ukae!" kaka yake akapiga kelele. "Wewe ni baba ya msichana!"

"Baba ya msichana ndiye mwenye wavu," akajibu, akaninyang'anya koleo.

"Mwacheni," mzee Kamande akasema. Akainuka na kikombe chake, akamfuata, na wazee wengine wakamfuata yeye. Mahari ya Cheptoo ilizungumzwa watu wakiwa wamesimama, machozi ya moshi yakiwatoka, na kila upande ulipokaza, Kipkirui aligeuza mbavu moja na kumwekea mkwe mkononi.

"Lakini hii imeungua kando," mzee akasema baada ya ng'ombe wa mwisho kutajwa na kukubaliwa.

"Hiyo ni ya Mama Abby," Kipkirui akajibu haraka. "Zangu ndizo zinakuja sasa."

Nikamwacha aseme. Nilikuwa na njaa, na ile iliyoungua ilikuwa tamu.