Ngoma za Umeme na Wimbo wa Dada

Nianze na chumba. Kilikuwa ghala langu la mpunga. Mume wangu, mwalimu wa kilimo ambaye hapa nyumbani hajawahi kupanda hata kunde, aliyatoa magunia yangu yote akayapanga sebuleni, na mahali pake akaweka ngoma za umeme. Usifikirie ngozi. Ni visahani vyeusi vya mpira vilivyoshikiliwa na mabomba, kila kimoja na waya wake, na waya zote zinaingia kwenye kisanduku chenye taa. Ukivipiga bila stima utasikia tap tap, kama mtu anakung'uta ndala. Sauti yenyewe imo kisandukuni, na ili itoke inataka spika, amplifaya, miksa, na mwanamume mwenye wakati wa kupoteza.

Wangu alikuwa nao tele. Alibandika trei za mayai kutani, akaziba dirisha kwa godoro la wageni, akatangaza kwamba hicho sasa ni chumba cha mazoezi. Mtu na akili zake anaziba dirisha, na joto hili la mji wetu wa Garsen! Alikuwa akitoka humo shati limemganda mgongoni, anahema, ananieleza habari za besi. Akiwa na hedifoni masikioni aliniita kwa kelele, na mimi nimesimama mlangoni na chai yake. Kupiga kwenyewe alijifundisha kwa video za simu. Mimi nimekulia kwenye ngoma, namjua mpigaji na namjua mtu anayehangaika.

Hayo yote ningeyacheka tu yakaisha, kama si dada yangu.

Dada yangu mkubwa anakaa Tarasaa na ana binti mmoja. Katika ukoo wetu msichana haondoki kwenda kwa mume mpaka mama yake amwimbie mlangoni. Mama anaanzisha, wanawake wanaitikia. Ngoma ipo, lakini inamngojea mama. Akitaka kuuvuta wimbo atauvuta, akitaka kunyamaza alie kidogo atalia, akitaka kumpa mkwe maneno yake atampa palepale, na mpigaji kazi yake ni kuutazama mdomo wa mama. Dada alikuwa ameziongoza nyimbo nyingine kwenye harusi za wenzake tangu nikiwa mdogo. Sasa zamu ya binti yake ilikuwa imefika, harusi imepangwa baada ya mavuno, na ndipo uvimbe ukamtokea shingoni. Daktari wa Malindi alisema lazima ukatwe, na kwamba umekaa karibu mno na mahali panapotoa sauti. Sauti huenda ikabaki, huenda isibaki. Dada hakuuliza kama atakufa. Aliuliza nani atamwimbia mtoto wake.

Mume wangu akadakia. "Shemeji, hilo lisikusumbue. Nitakurekodi kwangu kabla hujaenda hospitali. Siku ya harusi ni kubonyeza tu."

Mimi nilisema simu yangu inarekodi, tuiweke juu ya stuli, dada aimbe, kazi iishe. Alicheka mpaka akakohoa.

"Simu! Wataka wimbo wa shemeji usikike kama tangazo la ng'ombe aliyepotea?"

Siku ya kurekodi alitoa amri simu zote zizimwe, eti zinaingiza mvumo kwenye waya. Tukazizima, wajinga sisi. Chumbani kwa joto lile dada asingemaliza hata ubeti mmoja, kwa hivyo akawekwa barazani na maikrofoni, waya ukipitishwa chini ya mlango. Yeye bwana alijifungia ndani na hedifoni zake na kompyuta ya kurekodia. Mdomo wa dada alikuwa hauoni wala hana habari nao. Kabla ya kufunga mlango alimwambia, "Shemeji, tafadhali fuata mdundo, usiuvute." Mwanamke ambaye ngoma zimemfuata maisha yake yote, anaambiwa afuate kisahani cha mpira.

Kisha spika. Huku kwetu sauti isiyofika barabarani hatuihesabu kuwa sauti, na mume wangu, pamoja na hedifoni zake, ni wa hukuhuku. Aliielekeza spika barabarani, akamwambia dada ajaribu, akaenda kwa miguu mpaka mashine ya kusaga kuuliza wanawake kama wanasikia. Walisikia kila neno. Alirudi meno yote nje. Kwake yeye, na nisiseme uongo, kwetu sote, wimbo uliofika kwenye mashine ulikuwa umekwisha kuingia kwenye kompyuta.

Na dada aliimba. Mdundo wa spikani aliupuuza baada ya ubeti wa kwanza, akaimba anavyojua yeye. Katikati alinyamaza, akapumua, akamwambia binti yake, palepale ndani ya wimbo, asiogope kurudi nyumbani akichoka, mlango huu hauna kufuli. Neno hilo hakuna aliyewahi kulisikia, alilitoa siku ile. Wanawake wa mashine waliacha unga wao wakaja wakajaa uani wanaitikia, wengine wanauliza harusi ni ya nani. Nililia mimi, na mimi si mtu wa kulia.

Mume wangu akatoka ndani amelowa chepechepe. "Imeingia yote!" Akatuonyesha kompyuta, mstari wa kijani unarukaruka. Tukaupigia makofi ule mstari.

Dada alikatwa, akapona, Mungu ashukuriwe. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni pumzi inayokwaruza, hata kuita kuku haitoshi. Alipopata nguvu alikuja kwangu alasiri moja kusikiliza wimbo wake. Tuliingia chumbani, mume wangu akabonyeza.

Zikaja ngoma. Tukangoja. Ngoma. Akaongeza sauti, ngoma zikaongezeka. Akafunga faili, akafungua tena, ngoma zilezile. Waya ulioingia kwenye kompyuta ulikuwa mmoja tu, ule wa kisanduku chake. Maikrofoni ya dada ilikwenda kwenye miksa, kutoka hapo kwenye spika, kutoka hapo barabarani na kwenye mashine ya kusaga, na huko ndiko ilikoishia. Naye ndani kwenye hedifoni alikuwa akijisikiliza mwenyewe, anajifurahia.

"Na mimi niko wapi?" dada akauliza kwa ile pumzi yake.

Mume wangu akaanza kumweleza mambo ya miksa, hili tundu la kuingia, hili la kutoka. Dada akaendelea kumtazama. Alipoona maelezo yamemwishia, huyu mtu niliyezaa naye akasema, "Lakini ngoma zimetoka safi sana." Nimeishi naye miaka mingi na kwa mengi nimemvumilia. Siku ile nilimdharau kabisa, na dharau ile bado ninayo.

Mngedhani ataona haya. Siku ya harusi aliwasili Tarasaa na spika yake, hakuna aliyemwita. "Angalau wapate mdundo," alisema. Dada alikuwa amesimama mlangoni mbele ya binti yake, amejifunga leso mpya, shingo ina kovu. Ngoma za kompyuta zikaanza. Dada akafungua mdomo. Mimi niliyekuwa karibu sikusikia kitu. Wanawake waliutazama mdomo ule, wakajaribu kuitikia, wakakosea, wakanyamaza, na zile ngoma zinasonga mbele tu, hazimjui mtu.

Nikaenda kwenye ekstensheni nikachomoa plagi.

Uwanja ukatulia. Ndipo tukaisikia: mkwaruzo, hauna tuni, unakatika, unaanza tena. Alikuwa anauimba wote, hakuruka ubeti. Walio mbele waliitikia kwa sauti ya chini wasimfunike, walio nyuma wakawafuata walio mbele. Bibi harusi aliinama, akatega sikio pale pale mdomoni mwa mama yake, akabaki ameinama hivyo, vitambaa vya kichwani vinamteleza na yeye havishiki.

Mume wangu akanijia akipenya katikati ya watu, waya mkononi.

"Mama watoto, nani amechomoa? Ndiyo kwanza ilikuwa inakolea!"

Nilimziba mdomo kwa kiganja changu. Dada alikuwa hajamaliza, na mimi nilitaka kusikia.